Nimeambiwa nikawashe kibatari kwa sababu nimeuliza balbu inayokubali dima

Ndugu zangu, naandika nikiwa bado sijavua viatu nilivyotoka navyo mjini, kwa maana nikisubiri hasira ipoe nitaandika kwa upole, na huyu mtu hastahili upole. Simtaji jina. Kila aliyewahi kununua vifaa vya umeme hapa Moshi mjini anamfahamu: ndiye yule anayekujibu huku akihesabu fedha za mteja mwingine, ambaye kwake kila balbu inafaa, kila waya ni mzuri na kila mteja ni mjinga. Leo saa nne asubuhi, mbele ya wateja sita na kijana wa mkokoteni, ameniambia mimi, mwanamke wa miaka 54, kwamba kama nataka mwanga hafifu nikawashe kibatari.

Kibatari! Na hata shikamoo hakunipa.

Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na tangu hapo mwanga mkali wa usiku unamtoa machozi. Ndiyo maana tulimwekea chumbani swichi ya kupunguza mwanga, ambayo mafundi wetu huiita dima, nayo ilifanya kazi vizuri sana na zile glopu za zamani zenye waya ndani. Ulikuwa ukizungusha kitufe kidogo tu, chumba kinakuwa na rangi ya asali, na mama anasali rozari yake kwa amani. Lakini glopu tatu za wati 60 zikiwaka kwa nguvu zote kwa muda wa saa tano kila usiku hula karibu yuniti moja ya LUKU, wakati LED tatu za wati 8, zenye mwanga unaolingana na huo, hazifikishi hata sehemu ya saba yake. Kwa hiyo nikaenda kwa huyo bwana, nikamuuliza kwa Kiswahili ambacho hata mtoto wa chekechea angekielewa: "Hizi zinakubali dima?" Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba LED zote ni moja. Nikanunua tatu.

Usiku huo nilizungusha kitufe hadi nusu, na balbu zote tatu zikaanza kupepesa kwa pamoja, huku zikivuma kama nzi aliyefungiwa ndani ya glasi. Mama alijifunika khanga usoni akaniuliza kama kuna radi. Usiku wa tatu balbu moja ilizimika kabisa, na nilipoifungua nikakuta shingo yake ya plastiki ina duara la rangi ya kahawia na harufu ya kuungua ambayo mpaka leo haijatoka kwenye mapazia.

Leo nilirudi na boksi lake. Ubavuni, kwa herufi ndogo kuliko mchanga, pameandikwa "not dimmable", na pembeni kuna kijipicha cha kitufe cha dima kilichokatwa kwa mstari. Nilimwekea kidole hapohapo. Yeye akachukua mojawapo ya zile mbili zilizosalia, akaichomeka kwenye holda ya kujaribia iliyo mezani, ikawaka, akainyanyua juu kama padri anayenyanyua kikombe, na akasema kwa sauti iliyofika Kiboriloni: "Si inawaka? Mama, ukitaka mwanga hafifu kawashe kibatari." Wateja wote sita wakacheka. Kijana wa mkokoteni naye akacheka, wakati nilikuwa nimemlipa mapema abebe mzigo wangu.

Hakuna aliyebisha kwamba inawaka. Hoja yangu ni kwamba dima haipunguzi umeme kama bomba linavyopunguza maji, bali hukata kipande cha kila nusu ya wimbi la umeme, na kwa umeme wetu wa hezi 50 jambo hilo hutokea mara 100 kwa kila sekunde. Waya wa glopu ya zamani hubaki na moto wake kati ya mkato mmoja na mwingine, kwa hiyo jicho halioni kitu. LED ina saketi ndogo shingoni, na kama haikutengenezwa kwa ajili ya umeme uliokatwakatwa, inahangaika, inapepesa na hatimaye inaungua. Hayo nimeyajua kwa fundi wangu aliyesoma ufundi. Huyu anayeuza balbu kutwa nzima ameyashindwa, halafu ananituma mimi nikawashe kibatari!

Mzawa wa Pasua: Pole sana mama. Huyo bwana mwaka juzi aliniuzia zile enaji seva zenye mrija uliojisokota, akaapa mbele ya mke wangu kwamba zinakubali dima. Zilidumu wiki moja. Nilipomrudishia aliniambia kwamba umeme wa nyumbani kwangu ndio una kiburi. Enaji seva za namna ile, isipokuwa zile zilizoandikwa waziwazi kwamba zinakubali, hazitakiwi kabisa kuwekwa kwenye dima, na mtu anayeuza vifaa vya umeme hawezi kudai kwamba halijui hilo.

Waya Mwekundu: Mama, muuzaji amekosa adabu, lakini nawe usikimbilie kununua balbu nyingine kesho. Mimi ni fundi umeme, na naona balbu ni nusu tu ya tatizo. Fungua hiyo dima usome kilichoandikwa mgongoni. Nyingi za zamani zinataka mzigo usiopungua wati 40 au 60, na balbu zako tatu zinafikisha wati 24 tu, kwa hiyo hata ukinunua zinazokubali dima zinaweza bado kupepesa au kukataa kuzimika kabisa. Tafuta dima iliyotengenezwa kwa LED, hasa ile inayokata mwisho wa wimbi badala ya mwanzo wake, kwa kuwa inaenda taratibu na saketi ya balbu. Kisha ununue balbu moja kwanza, uijaribu usiku mzima, ndipo uongeze nyingine za aina hiyohiyo, usichanganye.

Mtani wa Kibosho: Mimi nitasema ukweli hata mkinichukia. Dada yetu ameandika insha nzima kuhusu wimbi la umeme, na huku kibatari hakipepesi, hakivumi, hakina boksi la kusoma, na mwanga wake unapunguzwa kwa kushusha utambi tu. Yule bwana alikuwa anatoa ushauri wa kitaalamu.

Mwenye uzi: Mama yangu ana macho yaliyopasuliwa, nawe unataka nimwekee moshi wa mafuta ya taa chumbani. Soma tena nilichoandika. Alininyanyulia balbu mbele ya watu sita. Sita!

Bibi Karatasi: Mtani wa Kibosho, kinachoshushwa utambi kwa kitufe ni kandili, ile yenye kioo. Kibatari ni kopo na utambi, hakina kitufe chochote. Tuwe makini tunapozungumzia vitu ambavyo sisi wengine tulisomea navyo mpaka darasa la saba.

Mtani wa Kibosho: Nakubali, ni kandili.

Wa Njiro: Huku Arusha tuna wa kwetu, na nadhani ni ndugu wa huyo. Mimi nilipata balbu zinazokubali dima, na kweli hazikupepesa hata kidogo, lakini alinipa za kelvini 6500, nyeupe ya bluu, na akaniambia rangi itabadilika kuwa ya njano nikipunguza mwanga. Haikubadilika. Glopu ya zamani ndiyo hugeuka nyekundu ukiipunguza, kwa sababu waya wake unapoa; LED ya kawaida hubaki na rangi ileile, inafifia tu. Sasa wageni wangu wanakula chakula cha jioni kwenye mwanga wa chumba cha maiti, na jirani ameniuliza kwa heshima kama kuna msiba. Someni boksi, tafuteni 2700, ile ya njano.

Mzawa wa Pasua: Hiyo nyeupe ndiyo nzuri jikoni. Kwa njano unachambua mchele na huoni jiwe.

Wa Njiro: Sikuzungumzia jikoni, nilizungumzia sebule.

Holda Sita: Samahanini kwa kuingilia. Wote mnataja balbu zinazokubali dima, nami nimezunguka maduka yote kuanzia stendi hadi Mbuyuni, na zote nilizoziona ni zenye shingo ya kuzungusha kama skrubu. Nyumba yangu nzima ina holda za pini. Kuna aliyeziona za pini?

Waya Mwekundu: Zipo, ila ni adimu. Badilisha holda, ni kazi ya nusu saa, lakini zima swichi kuu kwanza.

Holda Sita: Fundi aliyenifungia hizo holda alizisakafia na plasta, haziwezi kutoka bila kuvunja dari. Naye wote mnamfahamu. Nafungua uzi wake sasa hivi.