Mkulima akilipwa asilime, pesa ile ni ya nani?

Wadau, kila bei ya nafaka inapopanda duniani hoja hii huibuka upya: inakuwaje serikali ya Marekani imlipe mtu ili shamba lake lisilimwe, na huku kuna watoto wanalala na njaa? Wapo wanaosema ni dhambi. Wapo wanaosema ni busara, ardhi iliyochoka haina budi ipumzishwe. Kwangu mimi pande zote mbili zinaruka jambo kubwa zaidi: anayelipwa ni mwenye ardhi au mwenye jembe?

Rudini mwaka 1933. Pauni ya pamba, iliyokuwa senti kama 17 mwaka 1929, ilikuwa imeporomoka hadi senti 6 hivi. Serikali ya Rais Roosevelt wa Marekani ikatunga sheria ya kupunguza mazao ili bei ipande. Pamba ilikuwa imeshaota, kwa hiyo wakulima walilipwa waiharibu: zaidi ya ekari milioni 10 zikapigwa plau, pamba ikafukiwa. Nguruwe kama milioni 6 wakachinjwa mwaka huohuo. Bei ilipanda kweli.

Lakini kule kusini, mwenye shamba kubwa hakushika jembe. Waliolima ni familia zisizo na ardhi, weusi na weupe, waliopewa kipande cha kulima, mbegu na chakula cha mkopo, kisha mavuno yakagawanywa. Mkataba na serikali aliutia sahihi mwenye shamba, hela ikaingia mikononi mwake, na yeye ndiye aliyetarajiwa kumgawia mpangaji fungu lake. Wengi hawakuona kitu. Tena eneo la kulima likipungua, mikono inayohitajika nayo inapungua, basi familia nyingi zikatolewa kwenye vibanda vyao. Mwaka 1934 wapangaji weusi na weupe walikutana Tyronza, Arkansas, wakaunda chama kimoja, katika jimbo ambalo kukaa pamoja tu kulitosha kukuletea bunduki mlangoni. Na wanasheria wa serikali waliotaka mkataba usomwe kwa namna ya kuwalinda wapangaji wasifukuzwe? Februari 1935 walifukuzwa wao. Hili ndilo linaloniuma katika historia nzima ya mipango hii, na nashangaa kwamba halitajwi.

Mtaniambia hayo ni ya zamani, mpango wa leo ni wa kuhifadhi udongo. Ni kweli, na sipingi sababu yake. Dhoruba za vumbi za miaka ya 1930 zilionyesha nini hutokea nyasi zikiondolewa kwenye nyanda kavu. Mpango ulioanzishwa na sheria ya 1985 humlipa mwenye ardhi kodi ya kila mwaka, kwa miaka 10 hadi 15, apande nyasi au miti mahali penye mmomonyoko. Wanaodai kwamba ekari hizo ndizo zinazoleta njaa, waangalie kwanza mahindi ya Marekani yanakwenda wapi: mengi mno huishia kwenye mitambo ya ethanoli, yaani mafuta ya magari, na matumboni mwa mifugo.

Hata hivyo, mwaka 2007 zilikuwa karibu ekari milioni 37 ndani ya mpango. Bei ya mahindi ikapanda, mikataba ikaisha, na mamilioni ya ekari yakarudi kwenye plau. Umma ulikodi mapumziko ya udongo kwa miaka, mwenye shamba akabaki na uamuzi wote. Ulaya nako hivyohivyo: mwaka 1992 walianza kuwataka wakulima wakubwa walaze asilimia 15 ya ardhi ya nafaka, bei zilipopanda 2007 kiwango kikashushwa hadi sifuri. Na kijana asiye na shamba anayetaka kukodi hushindana na serikali yenyewe, mpangaji asiyechelewesha kodi.

Kwa hiyo nawauliza mnaoutetea mpango huu, na hasa mnaosema nasi tuuige: kwetu mtu hukodi ekari mbili za mpunga kwa msimu, kwa maneno ya mdomo, bila karatasi. Siku serikali ikimlipa mwenye eneo lile alilaze, jina la aliyekuwa analilima litaandikwa kwenye daftari gani?