"Masculinize" kwa Kiswahili tunasemaje? Naomba ushauri wakuu

MtafsiriKanda
Habari za jioni wanajamvi. Natafsiri kijitabu cha wafugaji wa samaki, nimekwama kwenye kitenzi hicho. Habari yenyewe ni vifaranga vya sato kulishwa chakula chenye homoni ili wote wawe madume. Niliandika "kudumisha vifaranga", nikiamini nimepatia: fupi, fupisha, safi, safisha, dume, dumisha. Jana nikamsomea mama mmoja mwenye bwawa. Akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, hicho chakula kinawafanya waishi siku nyingi?" Nilishtuka, maana angekinunua kwa sababu hiyo. Neno hili asili yake nini, na niandikeje?

MzeeWaKamusi
Pole kijana. Kudumisha lina mwenyewe: limetoka kwenye kudumu, la Kiarabu, wala halina udugu na dume. Ukipitia -ume utapata "umisha", na msikilizaji atafikiria maumivu. Hilo la Kiingereza chimbuko lake ni Kilatini, masculus, lililonyumbuliwa kutoka mas, yaani dume. Letu -ume ni la Kibantu tangu enzi; Wabemba na Waluba mpaka leo wanasema mulume. Ndilo hilo liko kwenye mkono wa kuume. Limezaa mume, dume, kiume, uume, lakini kitenzi halikuzaa. Usililazimishe.

BwawaLaSato
Mkuu, sisi tunasema "kugeuza kuwa madume", basi. Vifaranga vinapewa chakula hicho tangu vinapoanza kula, wiki tatu hadi nne hivi. Jike la sato huatamia mayai mdomoni, na siku hizo hali chakula, hiyo ni sababu mojawapo ya dume kumpita kwa kukua. Neno "kugeuza" lipo sahihi kabisa: kifaranga aliyezaliwa jike hubaki na urithi wa jike, ila mwili unakua kidume.

DadaNesi
Naongeza, tafadhali usilihamishe hilo kwa binadamu. Mwanamke akiota ndevu na sauti ikawa nzito kwa sababu ya homoni, mwandikie "kupata dalili za kiume". Ukimwambia amegeuka dume umemtukana, na hatarudi kliniki.

MtafsiriKanda
Asanteni sana. Dada, kuna ukurasa unaowaonya wanaochanganya chakula hicho kwa mikono mitupu, nitalitumia hapo. Mzee, shikamoo. Nimeandika: "Vifaranga hulishwa homoni ili wageuke kuwa madume." Kesho asubuhi namrudia yule mama, nimsomee tena.

MzeeWaKamusi
Marahaba. Msomee taratibu, kisha mwache akueleze yeye alichoelewa.