Nguvu ya kufufua wafu katika mchezo huu haina gharama, na imeniangushia ngome ya miezi miwili

Wakuu, nawasalimu kutoka Ujiji, Kigoma. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, kwa sababu ngome niliyoijenga kila usiku baada ya kazi katika Dwarf Fortress, mchezo wa kompyuta wa kujenga na kulinda ngome ya mbilikimo, imeangamia jana mbele ya adui mmoja.

Mbilikimo wangu walikuwa wamekwisha kulishinda jeshi la wavamizi, na maiti zilikuwa bado zimetapakaa langoni, ndipo mfufuaji alipotokea. Hakurusha mshale wala hakushika upanga. Aliziona tu zile maiti, akainua mikono, nazo zikasimama. Askari wangu hodari kuliko wote aliukata mkono wa mmoja wao kwenye kiwiko. Mfufuaji aliporudia uganga wake, mkono ule ukatambaa juu ya mawe na kumkaba koo yule yule aliyeukata. Naye alipokufa akainuka upande wa adui, akiwa amevaa deraya ya chuma iliyonigharimu msimu mzima kuifua.

Lawama yangu ni moja: uchawi huu haumgharimu mwenyewe chochote. Mbilikimo wangu wanataka chakula, pombe, kitanda na muda wa kuomboleza, na wasipovipata wanachanganyikiwa. Msukule wa mchezo huu hali, hachoki, hasikii maumivu, hahitaji hata pumzi. Wazee wetu waliosimulia habari za misukule walisema mchawi humlisha pumba ili amlimie shamba usiku. Hata katika masimulizi hayo, bwana wa msukule hakukosa kubeba mzigo wa kumtunza!

Najua nitaambiwa nitumie nyundo badala ya panga, kwa kuwa maiti iliyopondwa vya kutosha haifufuki tena, au niimwagie lava, au nitege vizimba. Nyundo nilikuwa nazo, lakini huwezi kuponda wafu sitini huku nyuma yako yupo anayewainua wale uliowaangusha dakika moja iliyopita. Ushauri wa kuinua daraja la langoni ili kuifunga ngome na kusubiri ndio unaoniudhi zaidi, maana wafanyabiashara na wahamiaji hubaki nje wakichinjwa, nao wanaongeza jeshi lile lile. Isitoshe, wafu wanavyozidi ndivyo kompyuta inavyoelemewa, na kompyuta yangu ya mkononi ilifika mahali pa kusogeza mchezo kwa kukwama kwama.

Sidai uchawi huu uondolewe. Tangu ulipoingizwa mwaka 2012 umeupa mchezo hofu ya kweli, na mimi ni mmoja wa walioupenda. Ninachodai ni kikomo. Ziwa Tanganyika lenyewe lilifungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Mfufuaji naye awe na muda wa kupumzika kila anapoinua kundi, apungukiwe nguvu kwa idadi ya wafu anaowaongoza, na maiti iliyokwisha kuinuliwa mara mbili ioze moja kwa moja. Na akiuawa yeye, wafu wake waanguke, badala ya kuendelea kuzurura kumbini kama ilivyo sasa.

Nitawaandikia watengenezaji wiki hii. Mwenye faili la ngome iliyoanguka namna hii aliweke hapa chini, niyaambatanishe yote pamoja na langu.