Mashoga wa Chechnya: waliookolewa, waliokolewa na lawama za mataifa au na viza?

Hoja

Tarehe 1 Aprili 2017 gazeti la Urusi la Novaya Gazeta liliandika kwamba wanaume zaidi ya 100 waliodhaniwa kuwa mashoga walikuwa wamekamatwa katika Chechnya, jamhuri iliyo ndani ya Urusi, wakateswa ili wawataje wenzao, na kwamba watatu kati yao walikuwa wameuawa. Alvi Karimov, msemaji wa kiongozi wa jamhuri hiyo Ramzan Kadyrov, alijibu kuwa watu wa namna hiyo hawapo Chechnya, na kwamba hata wangekuwapo, vyombo vya dola visingekuwa na kazi nao, kwa sababu jamaa zao wenyewe wangekwisha kuwapeleka mahali pasipo na marejeo. Naanza na jibu hilo makusudi, kwa kuwa mtawala anayekana hata kuwapo kwa anayeteswa ni vigumu kumtia haya kwa tamko.

Matamko, hata hivyo, hayakukosekana. Mwezi Mei Angela Merkel, aliyekuwa Kansela wa Ujerumani, alimweleza Rais wa Urusi Vladimir Putin suala hili walipokutana Sochi, na Rais wa Ufaransa Emmanuel Macron akalirudia mbele yake Versailles. Desemba mwaka huohuo Marekani ilimwekea vikwazo Kadyrov pamoja na Ayub Kataev, afisa wa polisi wa Argun, mji ambao ulitajwa kuwa na mojawapo ya mahali pa siri pa kuwazuilia watu hao. Akaunti za Kadyrov za Instagram na Facebook zikafungwa, na nashuku kwamba hilo lilimuuma kuliko vikwazo vyenyewe. Novemba 2018 nchi 16 wanachama wa Shirika la Usalama na Ushirikiano barani Ulaya zilianzisha uchunguzi, na Profesa Wolfgang Benedek, ambaye Urusi haikumpa ushirikiano, aliandika ripoti iliyothibitisha mateso hayo na kwamba hakuna aliyeadhibiwa. Ripoti ilitoka Desemba. Haikutimiza mwezi kabla Mtandao wa LGBT wa Urusi, shirika linalotetea mashoga na wenzao, haujatangaza wimbi jipya: watu wapatao 40 wamekamatwa na wawili wameuawa.

Linganisheni na Canada, ambayo mwaka 2017, ikishirikiana na Rainbow Railroad, shirika linalowasaidia mashoga na wenzao wanaoteswa kutoroka, iliwapokea kimya kimya watu wapatao 30, na umma ukaja kuarifiwa Septemba wakati wengi wao walikuwa wamekwisha kufika. Ugumu uko hapa: Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 humtambua mkimbizi akiwa nje ya nchi yake, na ili atoke anahitaji viza, ambayo balozi nyingi hazimpi mtu wanayehisi kwamba hatarudi kwao. Kwa hiyo serikali inaweza kulaani mateso asubuhi na kumnyima viza aliyeteswa alasiri bila kuvunja sheria yake yoyote. Msimamo wangu ni kwamba mwitikio wa mataifa upimwe kwanza kwa idadi ya watu waliotoka wakiwa hai.

Jibu

Ndugu mtoa hoja, kuhusu viza sina ugomvi nawe, ila umezitenganisha sauti na viza kana kwamba hazijuani. Lisingekuwapo gazeti, zisingekuwapo kelele za dunia nzima, ni afisa gani wa uhamiaji angeamini simulizi la kijana kutoka Grozny, mji mkuu wa Chechnya?

Lakini linalonisumbua zaidi ni jingine. Julai 2017 Kadyrov aliiambia televisheni ya Marekani kwamba kama mashoga wapo, basi wachukuliwe wapelekwe Canada, wawe mbali, damu ya watu wake isafike. Yaani jambo unalolisifu ndilo alilolitaka yeye. Tukifanya uhamishaji kuwa kipimo cha kwanza, tunamkamilishia mtesaji kazi na tunampa msamaha juu yake. Usisahau pia Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo Septemba 2023 iliamua kwamba mwanamume mmoja aliyezuiliwa Grozny mwaka 2017 aliteswa kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi, na kwamba dola ya Urusi inawajibika. Hukumu hiyo imebaki katika kumbukumbu za sheria, na viza haiwezi kufanya hivyo.

Mtoa hoja

Nakubali kwamba nilizitenganisha mno. Maneno ya Kadyrov kuhusu Canada nayafahamu, na yananikera kama yanavyokukera, lakini sioni ni kwa haki gani mimi au wewe tumwambie mtu aliyeteswa kwa umeme abaki pale ili mtesaji asifurahi. Uchungu wa kuondoka kwao ni wake, na uamuzi pia ni wake.

Ama hukumu uliyoitaja, itazame vizuri. Mlalamikaji alipofungua malalamiko ndani ya Urusi, wachunguzi walikataa kufungua kesi, naye akalazimika kuihama nchi. Alishinda Strasbourg, yalipo makao ya mahakama hiyo, kwa kuwa alikuwa hai na yuko mbali. Wakati huo Urusi ilikuwa imekwisha kutoka katika Baraza la Ulaya, ambalo mahakama hiyo ni chombo chake, tangu Machi 2022, na haizitekelezi tena hukumu za mahakama hiyo. Kwa hiyo hata ushahidi unaouthamini ulihitaji kwanza mtu atoke.

Wako pia wasiotoka. Februari 2021 vijana wawili waliokuwa wamekimbia Chechnya walikamatwa Nizhny Novgorod, ndani ya Urusi ileile, wakarudishwa walikotoka. Mwezi uliofuata Umoja wa Ulaya ulimwekea Kataev vikwazo. Februari 2022 vijana hao walihukumiwa vifungo vya miaka 8 na miaka 6. Ningependa anayetetea vikwazo aeleze vilipaswa kuwafikiaje wao.