Dagaa wangu wamezuiwa forodha, nina siku saba tu

Kutoka: Dada wa Zamu
Jumanne asubuhi

Asalaam aleikum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, viatu sijavua. Naandika kabla sijalala, maana nikilala nitaamka siku imekwisha. Mama alinitumia kifurushi kutoka nyumbani Tanga, kilo sita na ushee: dagaa mchele kilo mbili, unga wa muhogo kilo tatu, iliyobaki mbaazi, pilipili manga na vitu vidogo vidogo. CN23, ile fomu ya kutaja vilivyomo na thamani yake, ilijazwa palepale posta, nakala ninayo. Jana nimekuta barua ya forodha. Wanasema mzigo una bidhaa zitokanazo na wanyama, nilete CHED-P, yaani hati ya afya ya kuingizia bidhaa za wanyama, au nijaze karatasi waliyoambatanisha ndani ya siku saba. Nisipofanya hivyo vitateketezwa, na gharama nilipe miye.

Karatasi ina visanduku vitatu: urudishwe, uteketezwe, napinga. Swali langu ni hilo tu: nikitia alama kwenye "napinga", naambatanisha nini?

Nawaeleza kwa nini nahangaikia kilo mbili za dagaa. Wodini tunaingia saa kumi na mbili asubuhi, na wiki ya usiku ndiyo usiseme. Nikifika nyumbani nina nusu saa ya kupika, kula na kuoga kabla usingizi haujanibeba. Mwaka wa kwanza hapa Ujerumani nilikula mikate ya nyama ya pale kituo cha treni na piza za friza, presha ikaanza kupanda nikiwa na miaka thelathini na minne. Nikaogopa. Nikarudi kwenye bada na dagaa: maji yachemke, utie unga, usonge, haifiki dakika kumi. Dagaa nawaosha, kitunguu, nyanya, ndimu, basi. Nashiba na nalala vizuri. Dagaa wale ni chakula changu cha miezi mitatu.

Kutoka: Kaka wa Makorora
Jumanne mchana

Pole sana dada. Usipinge, utajichelewesha. Ingia TRACES, ule mfumo wa mtandaoni wa Umoja wa Ulaya wa hati hizo, fungua akaunti, ujaze CHED-P mwenyewe, uipeleke. Hawa wanataka karatasi, wakishaiona karatasi wanatulia.

Mimi yalinikuta mwaka jana. Nilitumiwa kahawa kilo moja na vitenge viwili, ndugu yangu akaandika thamani yuro 60 kwa nia njema kabisa. Nikalipishwa kodi ya mzigo wote, na kahawa ikawa na kodi yake peke yake. Kumbe zawadi inasamehewa ikiwa haizidi yuro 45, na kahawa isivuke gramu 500. Zamani kulikuwa na ule msamaha wa yuro 22 hata kwa vitu vya kununua, ukafutwa Julai 2021. Kwa hiyo angalia pia mama aliandika thamani gani kwenye CN23, huenda tatizo limejificha hapo.

Kutoka: Mzee wa Barabara ya Nane
Jumanne jioni

Kaka wa Makorora, nakuomba usimpotoshe binti. CHED-P ni ya mzigo wa biashara unaopita kituo cha ukaguzi mpakani. Mtu binafsi anayeletewa chakula chake hajazi CHED-P. Akijaza, anakiri kwa mkono wake kwamba ameingiza bidhaa ya kuuza. Na habari ya kahawa yako ni ya kodi, yake ni ya afya ya wanyama. Hivi ni vitu viwili, na ofisi mbili zinaweza kukuandikia barua mbili kuhusu mzigo mmoja.

Kanuni ni 2019/2122 ya Umoja wa Ulaya, inatumika tangu Desemba 2019. Samaki na mazao ya samaki kwa matumizi binafsi: hadi kilo 20, au samaki mmoja akizidi uzito huo. Samaki mbichi awe ametolewa matumbo. Asali na mayai, kilo 2. Nyama na maziwa, hata gramu moja hairuhusiwi, isipokuwa maziwa ya unga ya watoto wachanga na vyakula maalumu vya wagonjwa. Kanuni hiyo inahusu begi la msafiri na kifurushi cha posta pia, alimradi mpokeaji ni mtu binafsi.

Kwa hiyo dagaa wako kilo mbili wana haki ya kuingia. Lakini mwanangu, nakuuliza kama baba: hivyo "vitu vidogo vidogo" ni vipi?

Kutoka: Mama Pangani
Jumanne usiku

Mwanangu Dada wa Zamu, mengine waachie wanaume wabishane na kanuni. Miye nataka kujua unakula nini wiki hii.

Nimefanya usafi wa ofisi alfajiri na jikoni kwa wazee mchana, miaka kumi na saba, na watoto watatu. Ninachoweza kukwambia ni kwamba mtu aliyechoka hapiki, anapasha moto. Kupika ni siku ya mapumziko. Jumapili yangu nakaanga kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi na nyanya za kopo, sufuria nzima, mpaka mafuta yapande juu. Nagawa kwenye vikopo, naweka friza. Hilo ndilo rojo langu la wiki. Tui zito nalimimina kwenye trei ya barafu. Likiganda nalitia kwenye mfuko wa friza, na ukitaka mchicha wa nazi unatupia vipande vitatu kwenye spinachi za kugandishwa, dakika nane umekula. Spinachi hizo zimeshaoshwa na kukatwa, bei yake ndogo, wala usizidharau kwa sababu hazikutoka Muheza.

Samaki: nunua makrel wa kugandishwa, ni jamaa yake kibua. Au samaki wadogo wa kopo waliotiwa maji, si mafuta. Unawachanganya na lile rojo, ndimu na pilipili, unapata mchuzi wa dagaa bila kungoja forodha.

Maharage usinunue ya kopo kila siku, ni ghali na yana chumvi. Roweka, tia kwenye lile jungu la umeme linalopika polepole, nenda kazini, ukirudi yameiva.

Kutoka: Mdogo wa Raskazone
Jumatano asubuhi

Shikamoo Mama Pangani. Naomba niseme kwa heshima, kwa sababu hili ni la hatari. Maharage mekundu hayapikwi hivyo. Yana sumu ya asili, na jungu lile halifikii moto wa kuivunja. Hata mbegu nne tano zisizoiva sawasawa zinaweza kumtapisha mtu mzima. Yarowekwe saa tano au zaidi, maji yale yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu dakika kumi na zaidi kwenye sufuria ya kawaida, ndipo uyahamishie kwenye jungu. Au tumia sufuria ya presha, humo moto unatosha.

La pili ni wali. Ukipika mwingi wa kupasha, usiuache juu ya jiko hadi asubuhi. Uutandaze upoe haraka, uingie friji ndani ya saa moja, ule kesho yake. Kuna kijidudu kinachobaki hai hata wali ukiiva, na ukikaa na joto kinatoa sumu ambayo kupasha hakuiondoi.

La tatu, dada yangu mwenye presha: dagaa mchele wanachemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai cha kila kitu ulichokula. Waloweke kwenye maji ya uvuguvugu, mwaga, suuza tena, na usitie chumvi kabisa kwenye mchuzi. Ukifanya hivyo ni chakula bora kweli, maana unamla na mifupa yake.

Kutoka: Mama Pangani
Jumatano asubuhi

Marahaba mwanangu. Nimepika maharage tangu wewe hujazaliwa na hakuna aliyetapika mezani kwangu. Lakini nimefikiri. Nyumbani tuliyatokosa kwenye mkaa yakichemka tangu asubuhi, na huku miye ndiyo nimeanza jungu hili juzi juzi. Basi nimekubali, nitayachemsha kwanza. Ila ungeweza kuanza na hilo la sufuria ya presha, ukaacha la kutapika mwisho.

Kutoka: Shangazi wa Ngamiani
Jumatano jioni

Habari zenu wote. Nawaandikia nikiwa Tanga, nimekuja likizo ya wiki nne. Leo asubuhi nimekwenda Deep Sea majahazi yanashusha. Changu, tasi, vibua, pweza bado anasinyaa kwenye karai. Nimesimama pale nikawakumbuka nyote. Mkaanga samaki ameniuliza, "Umepotea wapi siku zote?" nikashindwa kumjibu.

Mchana dada yangu kapika bada kwa mchuzi wa nazi na mchunga. Tumekula kwenye sinia moja, watu sita. Huko nakula nimesimama, simu mkononi, dakika saba nimemaliza. Hapa tumekaa saa nzima na hakuna aliyekuwa na njaa tena tangu dakika ya ishirini. Nadhani na hicho ni sehemu ya chakula, Mdogo wa Raskazone, sijui kama mnafundishwa.

Sasa na mimi nina swali. Nataka kubeba machungwa ya Muheza, kumi tu, ya wanangu. Nimeambiwa niende TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea ya Tanzania, kwa cheti cha afya ya mimea. Ni kweli?

Kutoka: Mzee wa Barabara ya Nane
Jumatano usiku

Ni kweli. Matunda matano tu ndiyo yanaingia Ulaya bila cheti: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Chungwa halimo, embe halimo. Na machungwa yawe hayana vikonyo wala majani. Beba nazi, dada yangu, utaondoka na amani.

Dada wa Zamu, bado nasubiri jibu la "vitu vidogo vidogo".

Kutoka: Kaka wa Makorora
Alhamisi asubuhi

Mzee, nimekuelewa kuhusu CHED-P na nimejifunza. Ila nina uchungu. Haya yote, machungwa, dagaa, yanatoka mahali pamoja: sisi ni wageni huku, na kule tunaanza kuwa wageni. Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani inakuruhusu kuchukua uraia wao bila kuacha wa kwako. Anayekataa ni nyumbani. Sheria ya Uraia ya 1995, ukichukua wa kwao umeupoteza wa kwetu. Nina kiwanja cha marehemu baba pale Makorora. Nikichukua pasi nyekundu, kiwanja kile nitakishika kama nani? Msiniambie ile hadhi maalumu ya Watanzania waliochukua uraia wa nje. Hadhi si uraia.

Kutoka: Mzee wa Barabara ya Nane
Alhamisi mchana

Umesema kweli, na mimi ndiyo sababu sijachukua, miaka ishirini na sita sasa. Kila baada ya miaka kadhaa naenda kupanga foleni ya kibali na wajukuu zangu wananishangaa. Lakini tafadhali ulifungulie mada yake. Hapa kuna mtu ana siku saba, tatu zimekwisha.

Kutoka: Dada wa Zamu
Ijumaa, saa tisa usiku

Ndugu zangu samahani kwa ukimya, tulikuwa na upungufu wa watu wodini nikaunganisha zamu. Sasa niko kwenye mapumziko ya dakika ishirini, naandika haraka.

Mama Pangani, nimefuata. Maharage nimeyaacha kwanza, nimechukua dengu nyekundu, haziroweki, dakika kumi na tano zimeiva. Nimezitia kwenye rojo lako na vipande viwili vya tui. Niko nazo hapa kwenye kopo. Mwenzangu Mfilipino ameonja akaomba namna ya kupika.

Mzee, nimempigia mama. Ametia samli kopo moja, ameifunga katikati ya unga isimwagike, na hakuiandika kwenye CN23. Hakujua. Anasema alikumbuka nilivyokuwa napenda kuitia kwenye uji nikiwa mgonjwa. Sikuweza kumwambia kitu zaidi ya asante.

Kwa hiyo sasa, nikipinga, napinga mzigo wote au naweza kuandika kwamba samli waiteketeze na dagaa wanipe? Karatasi haina nafasi ya kugawa. Na kama nikikiri samli, watasema CN23 ni ya uongo? Jumatatu ndiyo mwisho.

Kutoka: Mama Pangani
Ijumaa asubuhi

Allah amlinde mama yako. Nimesoma ndani ya basi machozi yamenitoka.

Kutoka: Shangazi wa Ngamiani
Ijumaa mchana

Mpe mama pole, mwambie kuna mwenzie Ngamiani anamsalimia. Nikirudi nitakubebea dagaa kwenye begi langu, kilo tatu.

Na mboga nikupe moja. Nunua kiazi kitamu dukani kwenu, kichomeke kwenye glasi ya maji, nusu ndani nusu nje, kiweke dirishani penye jua. Baada ya wiki kadhaa kinatoa matembele. Unachuma majani machanga, yanaiva upesi. Mimi nina viazi vitatu dirishani kwangu, na binti yangu amebaki akivitia maji mpaka nirudi.

Kutoka: Mdogo wa Raskazone
Ijumaa jioni

Shangazi, naomba kuuliza: maji unayabadilisha kila baada ya siku ngapi? Changu kimeoza mara mbili.