LTT (kodi ya kuhamisha ardhi, Ontario, Kanada): nyumba ya mume Tanga imenikosesha marejesho

Mama Neema, Brampton:
Habari zenu ndugu. Tulinunua kondo (fleti ya kumiliki) 2024, wakili akajaza marejesho ya LTT ya mnunuzi wa mara ya kwanza, dola 4,000. Leo nimepata barua: nirudishe, kwa kuwa mume ana nyumba. Nyumba yenyewe iko Tanga, anakaa mama mkwe. Haina hati, ni karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa na majina ya mashahidi. Huo nao ni umiliki? Na ile nafuu ya mnunuzi wa nyumba, mstari 31270, niliyodai kwenye T1 (fomu ya kodi ya mapato) itafutwa pia?

Baba Salma, Ottawa:
Pole dada. Ontario wanasema nyumba popote duniani. Mwenzio akimiliki wakati ni mumeo, nyote mmekosa. Mimi ya Morogoro niliiuza kabla ya ndoa, ndiyo maana mke wangu alipata. Hiyo 31270 rudisha tu, usisubiri wakufuate.

Shangazi wa Hamilton:
Baba Salma, usimtie hasara mtoto wa watu! 31270 haiangalii mnamiliki nini, inaangalia mliishi wapi: mwaka wa kununua na minne iliyotangulia, mlikaa kwenye nyumba nyingine ya mmoja wenu? Kama Tanga mnakwenda kusalimia tu, dai limesimama. Kwa 2024 ni asilimia 15 ya 10,000, yaani 1,500 yako halali.

Kijana wa Windsor:
Na sisi tunaoishi pamoja bila ndoa? CRA (mamlaka ya kodi ya Kanada) wanatuhesabu wenzi baada ya miezi 12, basi LTT nayo hivyo hivyo.

Shangazi wa Hamilton:
Siyo hivyo hivyo. LTT ni ya jimbo, inafuata sheria ya familia ya Ontario: miaka 3 ya kuishi pamoja, au mkiwa na mtoto na uhusiano wa kudumu. Wewe fungua FHSA (akaunti ya akiba ya nyumba ya kwanza) kabla hujahamia kwa mwenzio mwenye nyumba. Siku ya kufungua wanatazama hata nyumba ya mwenzi unayoishi, siku ya kutoa fedha wanatazama yako peke yako.

Mama Neema:
Shangazi, Mungu akubariki. Ila ile karatasi ya mtaa je? Kwenye kitabu cha ardhi haimo kabisa.

Mzee wa London, Ontario:
Kinachoniuma ni hiki: mtu anamjengea mama yake vyumba vitatu na choo cha ndani, huku anaambiwa ameshafaidi. Na nyumbani Tanzania, ukichukua pasipoti ya hapa Kanada unavuliwa uraia. Wakenya uraia pacha wanao tangu Katiba ya 2010. Sisi tunaambiwa hadhi maalumu, kibali cha wenye asili ya Tanzania wasio raia tena.

Baba Salma:
Hadhi maalumu ni afadhali kuliko viza, Mzee. Tuanzie hapo.

Mzee wa London, Ontario:
Afadhali kwako. Mimi nataka kuzikwa Korogwe nikiwa Mtanzania.

Shangazi wa Hamilton:
Wazee wangu, uraia una uzi wake. Aliyewahi kujibu barua kama hii akiwa na karatasi ya mtaa tu, amwandikie Mama Neema kabla muda haujamwishia.