Forester kwa milima ya Mbeya: tatizo ni injini au ni maji?

Mdau wa Mafiati

Wakuu habarini za jioni.

Nataka kuchukua Subaru Forester ya kuzungukia Mbeya, Tukuyu na Chunya, na mara moja moja kushuka nayo Dar. Zilizoko mezani ni tatu: SG5 ya 2005 isiyo na turbo, SH5 ya 2009 otomatiki, na SJ5 ya 2013. Kila ninayemuuliza ana jibu lilelile: "Subaru inachemsha, inapasua gasketi, chukua Toyota upumzike." Lakini ukisimama Uyole nusu saa tu, unazihesabu mpaka unachoka. Haya malalamiko yanahusu injini ipi hasa? Na nikienda kukagua niangalie nini kabla ya kutoa hela? Halafu kuna jamaa anasisitiza Subaru ni Toyota iliyobadilishwa jina, nalo mniwekee sawa.

Naomba kuwasilisha.

Kilimia

Nianze na hilo la mwisho. Subaru si Toyota. Toyota ana hisa tu. Aliingia 2005 General Motors alipojitoa, na sasa anashikilia karibu asilimia 20. Kampuni yenyewe inatokana na Nakajima, kiwanda cha ndege kilichoanza 1917. Vita vya Pili vilipoisha Wajapani walikatazwa kutengeneza ndege, kiwanda kikahamia kwenye vitu vya raia. Mwaka 1946 kikatoa skuta iliyoitwa Rabbit, na zile za kwanza zilifungwa magurudumu ya mkiani ya ndege za kivita yaliyobaki stoo. Baadaye kampuni ikavunjwavunjwa, na 1953 vipande vitano vikaungana kuwa Fuji Heavy Industries. Jina Subaru kwa Kijapani ni Kilimia, lile kundi la nyota ambalo wazee wetu walilitazama kujua msimu wa jembe. Nyota kubwa kwenye nembo ni kampuni mpya, zile ndogo tano ni zilizoungana. Jina la Fuji lilifutwa Aprili 2017, ikabaki Subaru.

Sasa kwa nini hayo yakuhusu wewe. Mwaka 1966 walitoa Subaru 1000, injini yake silinda zimelala, mbili kushoto mbili kulia, na mpaka leo hawajauacha mpangilio huo. Uzito unakaa chini, gari inashika kona vizuri. Gharama yake iko kwenye gasketi. Injini iliyosimama gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku) iko juu, ukizima gari oili inashuka yote kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kwenye Subaru gasketi imesimama wima, na ukingo wake wa chini unalowa maji na oili usiku kucha.

Familia ya injini za EJ ilianza na Legacy ya 1989. EJ20 ni 2.0, EJ25 ni 2.5. Kelele nyingi unazozisikia zilianzia Marekani, na zinahusu EJ25. EJ25D ya miaka ya 1996 hadi 1999 ilikuwa inapitisha gesi za mwako kuingia kwenye maji. Iliyofuata, ya kamshafti moja kila upande, ikawa inavuja kwa nje, maji na oili vinatambaa chini ya kiungo taratibu. Gasketi yake ilikuwa bati moja lililopakwa grafaiti, na mpako ukiliwa hakuna kinachoziba. Kwa magari ya 1999 hadi 2002 Subaru wa kule waliwaita wateja wakawekewe dawa maalumu kwenye maji ya rejeta, na dhamana ya gasketi ikaongezwa hadi miaka 8 au maili 100,000. Fundi anayejua kazi anafunga gasketi ya mabati kadhaa yaliyolaliana, aina inayotumika kwenye injini za turbo, na mchezo unaisha hapo.

Zilizojaa Mbeya ni EJ20 kutoka Japani, na EJ20 haina ugonjwa huo wa kuzaliwa nao. Ikipasua gasketi, ujue ilichemshwa kwanza, gasketi ikafuata.

Kwa Forester na Legacy za zama hizo soma namba ya modeli: ikiishia na 5 (SG5, SH5, BP5) ni 2.0. Ikiishia na 9 (SG9, BP9) ni 2.5. Kwa Impreza usitumie kanuni hiyo, itakudanganya.

Spana 14

Ukaguzi. Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji kabla hujafika kwamba gari isiwashwe. Ukikuta boneti ina joto, rudi kesho.

Fungua kizibo cha rejeta. Maji yawe na rangi ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta), kijani au bluu, na yafike shingoni. Yakiwa ya kahawia, hiyo gari imeishi kwa maji ya bomba, na alumini ya humo ndani imekuwa ikiliwa. Chovya kidole ukisugue: utelezi wa mafuta ni dalili mbaya. Kisha angalia chupa ya akiba. Ukiona utando mweusi kama masizi, au ukinusa ukapata harufu ya ekzosi, usiendelee na ukaguzi, aga tu.

Kama pamepita salama, iwashe. Iache kwenye sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) dakika 20 hadi 30, chupa ya akiba ikiwa wazi (kizibo cha rejeta kimefungwa!). Mapovu machache mwanzoni ni hewa. Mapovu madogo yasiyokoma injini ikiwa imeshapata moto ni gesi ya silinda. Kuna kifaa chenye dawa ya bluu, kinawekwa juu ya shingo ya rejeta, dawa ikigeuka njano gesi imethibitika. Gereji yenye kifaa hicho ilipe hata kama inakuchaji, ni ndogo kuliko kushusha injini.

Ingia chini na tochi. Tazama mstari ambapo hedi inakutana na bloku, ukingo wa chini, pande zote mbili. Oili ikitoka kwenye kifuniko cha valvu, juu yake, si kesi kubwa. Ikianzia kwenye mstari wenyewe, unajua.

Taimingi belti: SG5 na SH5 ya 2009 zote ni za belti, na hesabu ya kiwandani ni kilomita 100,000. Kwa Wajapani ikibadilishwa huwa wanabandika stika kwenye injini yenye kilomita na tarehe. Hakuna stika, weka bei ya belti kwenye hesabu zako siku hiyohiyo, maana ikikatika valvu zinagonga pistoni. Wakati wa kubadilisha chukua seti nzima: belti, tenshena, pule zake zote (moja ina meno) na wota pampu, kwa sababu pampu inazungushwa na belti hiyohiyo. Kubadilisha belti peke yake ukaacha pule zenye bearingi kavu ni kujitafutia kazi mara mbili.

Na kosa linaloua injini gereji nyingi: pule ya krenki ina mshale mbele, fundi anaufuata. Alama ya kupangia taimingi si ule mshale. Ni mstari mdogo kwenye ulimi ulioko nyuma ya pule, unaolingana na alama ya kwenye bloku. Msimamie.

Mdau wa Mafiati

Nimenukuu yote. Swali: huku mafundi wengi wakisikia gari inachemsha wanachomoa thamostati (valvu inayofunguka maji yakipata moto) wanakwambia tayari. Ni sawa? Na mlima Kitonga, njia ya Dar, unapandwaje?

Mporoto

Si sawa. Kwa huku nyanda za juu ndiyo kabisa.

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji yaliyo wazi huku yanachemka kwenye 94°C hivi, si 100. Thamostati ya Subaru inaanza kufunguka kati ya 76 na 80, na inafunguka yote kwenye 91. Kwa maneno mengine injini ikiwa nzima kabisa inafanya kazi nyuzi chache tu chini ya kuchemka. Kinachokuokoa ni kizibo cha rejeta, kile kilichoandikwa 1.1: kikishika presha yake maji hayachemki hadi yapite 115. Mpira wa kizibo ukichoka, Dar gari inaweza kuvumilia. Ukiileta Mbeya ukapanda mlima Chunya, inatapika maji, fundi anaanza kusema gasketi. Kabla ya lolote nunua kizibo kipya cha presha ileile. Si cha 0.9, si cha gari nyingine kilichoingia tu.

Thamostati yake inakaa chini, upande ambao maji yaliyopoa yanaingia kwenye injini. Ukiichomoa injini inachelewa kupata moto, petroli inapanda, na ugonjwa wenyewe umefunikwa. Zile za bei chee zina mdomo mdogo kuliko za kiwandani, ukiziweka pamoja utaona kwa macho. Mdomo mdogo, maji machache yanapita, na kwenye mlima mrefu ndipo inaonekana.

Halafu hewa. Subaru ikibadilishwa maji na hewa ikabaki ndani, itachemsha hata kama kila kitu ni kipya. Dalili: hita ya ndani inatoa baridi kwenye sailensa, ukikanyaga mafuta inatoa moto. Kuitoa:

Paki pua ikiwa juu, mteremko wowote wa Mbeya unatosha. Rejeta ina skrubu ya plastiki juu, upande wa pili wa kizibo. Ilegeze taratibu, ni nyepesi kuvunjika. Jaza kwanza kupitia hosi ya juu inayoingia kwenye injini, ndipo umalizie kwenye rejeta, polepole, mpaka maji yatoke kwenye skrubu bila povu. Funga skrubu. Washa, hita iwe moto wa mwisho, shikilia mzunguko 2,000 hadi 3,000, minya hosi ya juu mara kwa mara huku unaongeza. Subiri feni zote mbili ziwake na kuzima angalau mara mbili. Zima, iache ipoe kabisa, ongeza tena. Kesho yake asubuhi angalia tena. Mfumo mzima ni kama lita 7, ukiwa umeweza kuingiza 4 tu ujue bado kuna hewa. Kulanti nusu, maji safi nusu. Anayekwenda Makete au Kitulo mwezi wa sita na wa saba anajua umande unavyoganda kule, hivyo si suala la kuchemka tu.

Kitonga: ukinasa nyuma ya lori weka gia ya 2, usiache gari ijikokote kwenye mzunguko wa chini, maana pampu nayo inazunguka polepole. Zima AC. Mshale wa joto wa Subaru umetengenezwa utulie katikati, kwa hiyo ukiuona umepanda hata kidogo tayari ni moto. Baadhi hazina mshale kabisa, zina taa ya bluu na nyekundu tu. Hizo nunua kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD (ya kupimia kompyuta ya gari) usome joto kwenye simu. Likipita 105, paki pembeni, hita juu, injini ibaki kwenye sailensa, na mkono usiguse kizibo.

Kabwe Stendi

Mnaandika kurasa zote hizi kuhusu maji. Toyota IST inapanda Kitonga na dereva anakula mahindi.

Spana 14

Hapo sikubishii mkuu. Na fundi wa IST yuko kila kona, wa Subaru unamtafuta. Ila IST haivuti magurudumu manne kwenye tope la Rungwe mwezi wa nne.

Mleta mada, kuna jambo nilisahau, la kumwaga oili. Chini ya Subaru otomatiki kuna bolti tatu za kumwagia: ya injini, ya gia boksi, na ya difu ya mbele ambayo iko peke yake na oili yake. Asiyejua anamwaga difu akidhani ni injini, kisha anajaza injini juu ya ile ya zamani. Difu inabaki kavu, injini imezidi lita 4. Ndani ya boneti tafuta stiki ya difu, ni tofauti na ya gia boksi. Inachukua kama lita 1.2 ya 75W-90. Ikague kabla ya kununua na baada ya kila sevisi.

Kilimia

Kuhusu SJ5 ya 2013: hiyo ni FB20, injini ya cheni, stori ya belti haipo. Malalamiko yake ni mengine. FB za mwanzo zilisemwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni; Marekani kesi ya wenye magari ilimalizwa 2016 kwa kuongezewa dhamana. Wewe chomoa stiki kila unapojaza mafuta. Toka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja, kwa hiyo ikishuka nusu kila baada ya kilomita elfu mbili tatu, beba oili kwenye buti.

Ya pili ni gia boksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua. Haina stiki, kimo chake kinapimwa kwa kufungua bolti ya pembeni oili ikiwa na joto la 35 hadi 45°C, na inataka oili yake ya CVT tu. Atakayekwambia "ATF (oili ya gia boksi otomatiki) ni ATF" mpe pole uondoke.

Kwa matumizi yako ningechukua SH5 ya 2009, belti ikabadilishwa kabla haijaondoka Mbeya. SG5 nayo ni nzuri, ila umri umekwenda, utakuwa unanunua bushi na bearingi za magurudumu kila mara.

Mdau wa Mafiati

Hiyo SH5 matairi ya mbele ni mapya, ya nyuma yameisha. Muuzaji anasema nitabadilisha mwenyewe taratibu. Kuna shida?

Mporoto

Ipo. Magurudumu manne yanafungwa pamoja muda wote, na kiwanda kinataka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi milimita 6. Zungusha futi ya fundi cherehani katikati ya kila tairi upime. Mbele mapya nyuma vipara unavuka hapo kwa mbali, na klachi iliyo nyuma ya gia boksi, inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, inasuguana lami nzima kutoka hapa hadi Iringa.

Kwenye lami kavu kata usukani hadi mwisho, iache itembee yenyewe bila mafuta, mduara mmoja kushoto mmoja kulia. Ikisita na kurukaruka kama umeshika hendibreki, klachi inang'ang'ania. Ndani ya boneti kuna nafasi ya fyuzi iliyoandikwa FWD, yaani mvuto wa mbele tu. Ipachike fyuzi ya ampea 15, rudia mduara. Kurukaruka kukiisha, tatizo ni la klachi hiyo. Chomoa fyuzi ukimaliza, na bei ya matairi manne itoke kwenye bei ya gari.